Je, Wajua? Kompyuta Isiyo na Kazi na Umeme wa Tshopo

Je, wajua kuwa nyaya za umeme kutoka mabwawa ya Inga hazifiki Kisangani? Njia kuu ya umeme ya Inga, iliyokamilika mwaka 1982, hukata nchi kwa zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kolwezi, kusini. Kisangani hutegemea bwawa lake, lililojengwa kwenye maporomoko ya mto Tshopo miaka ya 1950.

Je, wajua kuwa bwawa hilo lina mitambo mitatu tu? Hata yote ikizunguka, haizidi megawati 20 kwa jiji lenye watu zaidi ya milioni moja. Mmoja ukiharibika, mitaa huingia gizani kwa zamu.

Je, wajua kuwa wiki ina saa 168, na ofisi ya saa 8 kwa siku 5 hutumia 40 tu? Kompyuta ya mezani inayokula wati 100, ikiachwa inawaka saa 128 zilizobaki, humeza kilowati-saa 12.8. Hizo zingewasha taa ya LED ya wati 10 kwa saa 5 kila usiku, kwa usiku 256.

Je, wajua kuwa picha zinazochezacheza kwenye skrini haziokoi umeme? Skrini bado inawaka. Ukitoka kwa muda mfupi, ilaze kompyuta: nyingi hushuka hadi wati chache tu.

Je, wajua kuwa kompyuta ndogo ya kubeba kwa kawaida hula umeme kidogo kuliko ile ya mezani? Anayenunua vifaa vya ofisi alifikirie hilo kabla ya kulipa.

Je, wajua kuwa karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto? Kisangani iko chini ya kilomita 100 kutoka Ikweta. Kiyoyozi hulazimika kuliondoa joto hilo, nawe hulipa mara mbili.

Je, wajua kuwa jenereta nayo haisamehe? Kompyuta 10 za wati 100 zikiachwa zinawaka saa moja ya chakula cha mchana hutumia kilowati-saa moja, yaani takriban theluthi ya lita ya mazuti. Jenereta ndogo hunywa zaidi.

Je, wajua kuwa kuzima na kuwasha kila siku hakuui kompyuta ya kisasa? Kinachoiumiza ni umeme kukatika ghafla wakati inaandika faili, au kurudi kwa nguvu iliyopitiliza. Iliyozimwa na kuchomolewa iko salama.

Makarani, wahasibu, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kisangani: mto ni mmoja, umeme ni wa wote. Kabla ya kufunga mlango jioni, zima kompyuta, zima skrini, zima printa, kisha chomoa waya. Mkuu wa ofisi aanze, wengine watafuata.