Sindano za urembo Kariakoo zikaguliwe





Hivi karibuni nilikwenda Kariakoo na mdogo wangu kununua vitenge vya harusi yake. Muuza vipodozi mmoja akamwonyesha vichupa viwili: cha kung'arisha ngozi, na cha kolajeni cha kuondoa makunyanzi. Alikuwa tayari kumdunga palepale, nyuma ya pazia. Nilipomwuliza alisomea wapi uuguzi, alicheka. Tuliondoka, lakini mdogo wangu bado anataka kurudi.

Wananchi tumeonywa sana juu ya mkorogo wenye zebaki na hidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi. Lakini krimu ikikuwasha utainawa. Dawa iliyokwisha kuingia mwilini hairudi. Kolajeni ya ng'ombe iliporuhusiwa Marekani mwaka 1981 kujaza makunyanzi, daktari alitakiwa kwanza kumjaribu mtu mkononi, kisha asubiri wiki nne aone kama ngozi itaikataa. Pale dukani mdogo wangu asingesubiri hata dakika nne.

Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, na dawa ziko chini ya TMDA. Je, sindano inayouzwa katika duka la vipodozi inakaguliwa na nani? Tunaomba wahusika watujibu kabla bibi harusi mwingine hajaingia nyuma ya pazia lile.

Mkazi wa Ilala,
Dar es Salaam.