Mchanga wa Paje na Viumbe Wanaoutengeneza

Wageni wanaokwenda Paje, katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, huwa wanatafuta siku moja au mbili za kutofanya lolote, yaani kujilaza chini ya kivuli cha makuti, kusogeza kitanda kila jua linapowafikia, na kuyatazama maji ya rangi ya feruzi hadi jioni. Mapumziko ya namna hiyo ni haki ya kila mtu aliyechoka. Hata hivyo, karibu kila kinachomstarehesha mgeni huyo, kuanzia weupe wa mchanga hadi utulivu wa maji, ni zao la viumbe hai waishio katika mwamba wa matumbawe, na viumbe hao hawajulikani vya kutosha, hata kwa wenye hoteli wanaoishi kwa jasho la viumbe hao.

Mchanga wa mito ya bara kwa kawaida hutokana na miamba iliyosagika, na sehemu yake kubwa huwa ni madini magumu yaitwayo kwatsi. Mchanga wa Paje una asili nyingine kabisa. Ukitiwa kiganjani na kutazamwa kwa lenzi ya kukuzia, huonekana vipande vya matumbawe, vigae vya kombe na konokono, maganda ya foraminifera, ambao ni viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba ya chokaa, pamoja na vibapa vyeupe vya halimeda, mwani wa kijani ambao hujaza chokaa mwilini mwake na kuiacha ufukweni unapokufa. Vyote hivyo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, kemikali iliyomo pia katika mawe ya matumbawe ambayo wajenzi wa Mji Mkongwe waliyachoma ili kupata chokaa ya kujengea. Tone la ndimu likidondoshwa juu ya mchanga huo hutoa mapovu madogo, kwa kuwa asidi huivunja kaboneti na kuachia gesi ya kaboni dayoksaidi.

Weupe wa mchanga huo ndio unaoufanya usiunguze nyayo kama mchanga mweusi wa volkano, kwa sababu huakisi sehemu kubwa ya mwanga badala ya kuufyonza, na ndio pia unaoyapa maji rangi yake: maji hufyonza mwanga mwekundu haraka kuliko wa buluu, na sakafu nyeupe hurudisha juu kile kilichobaki. Lakini mchanga huakisi pia mionzi ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayobabua ngozi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mchanga mkavu huakisi takriban asilimia 15 ya mionzi hiyo, na kwamba mawingu mepesi huipitisha kwa wingi, kwa hiyo aliyelala kivulini naye huweza kuungua, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ambapo jua la adhuhuri hupita utosini mwa Unguja.

Miongoni mwa watengenezaji wa mchanga, anayestahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni pono, samaki wa rangi nyingi mwenye mdomo uliochongoka mithili ya mdomo wa kasuku. Meno yake, ambayo hufikia takriban elfu moja katika safu zipatazo 15, yameshikamana yakawa ukingo mmoja mgumu, na yameundwa kwa fluorapataiti, mojawapo ya madini magumu kuliko yote yanayotengenezwa na viumbe hai. Kwa ukingo huo pono hukwangua mwamba ili apate mwani na vijidudu, humeza chakula pamoja na jiwe, hulisaga jiwe hilo kwa meno mengine yaliyoko kooni, kisha hulitoa nyuma likiwa mchanga laini. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Chris Perry wa Chuo Kikuu cha Exeter walionesha kwamba katika kisiwa cha Vakkaru, huko Maldivi, pono huzalisha zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya wa mwambani, na halimeda takriban asilimia 10. Uwiano hutofautiana kati ya ufukwe na ufukwe, lakini kanuni ni ileile. Tena, pale pono anapokwangua mwani hubaki nafasi tupu ambapo matumbawe machanga huweza kushika na kukua, kwa hiyo samaki huyo huyo anayekula jiwe husaidia jiwe jipya kujengwa.

Mwamba nao hukaa mbali na ufukwe, ukionesha mahali ulipo kwa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba miamba ya matumbawe hupunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Ndani ya mwamba maji hutulia, yakijaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku yakichelewa kwa takriban dakika 50 kwa kuufuata mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, na tofauti kati ya maji makuu na maji ya kupwa hukaribia mita nne. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Mgeni asiyelijua hili huamka akakuta bahari imehamia mbali, lakini kwa wanawake wa Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, saa hizo ndizo za kushuka pwani kukaza vigingi na kufunga mbegu kwenye kamba.

Hatari inayoukabili mwamba na mchanga wake ni ya kweli. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe huutoa mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, na joto likidumu hufa, kama yalivyokufa mengi katika Bahari ya Hindi mwaka 1998. Ukuta wa zege unaojengwa kulinda hoteli mara nyingi hurudisha wimbi kwa nguvu na kuchota mchanga ulioko mbele yake. Hata majani ya bahari yanayozolewa kila asubuhi ili ufukwe uonekane safi yana kazi, kwani hukamata mchanga usipeperushwe. Na mchanga unaweza kweli kupotea: kisiwa cha Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga mayai hapo. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yanapojaa.

Joto la bahari haliwezi kupunguzwa na kijiji kimoja, lakini uvuvi unaweza kusimamiwa. Pono huliwa sana Unguja, na hoteli inayomchoma kwa ajili ya wageni wake inapunguza mchanga wanaokuja kuulalia. Katika kisiwa cha Chumbe, mwamba uliotengwa rasmi mwaka 1994 hauvuliwi kabisa. Belize ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 ilipiga marufuku kuvua pono katika maji yake yote.