Rakeli na Sanamu za Baba Yake

Leo tumefika sura ya 31 ya kitabu cha Mwanzo. Yakobo alikuwa amemtumikia Labani miaka 20. Sasa alitoroka kwa siri pamoja na wake zake, watoto na makundi yake, wakati Labani alipokwenda kukata manyoya ya kondoo. Ndipo Rakeli alipoziiba sanamu za nyumbani za baba yake. Labani akawafuata mwendo wa siku 7, akapekua kila hema. Rakeli alikuwa amezificha katika matandiko ya ngamia na kuketi juu yake. Akasema hawezi kusimama kwa sababu yumo katika siku za wanawake.

Je, mama wa Yosefu alikuwa mwizi? Kitabu hakimsifu wala hakimlaumu. Kwa hiyo walimu wa Wayahudi, waliotunza Maandiko hayo kabla yetu, walilipima sana jambo hili.

Wazee wa kale, ambao maneno yao yamo katika kitabu kiitwacho Bereshiti Raba, walisema kwamba Rakeli alimwonea baba yake huruma: hakupenda kumwacha mzee huyo katika upotevu. Rashi wa Troyes, katika nchi ya Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, alifundisha vivyo hivyo. Lakini Ibn Ezra, mzaliwa wa Hispania, hakuridhika. Kama ndivyo, aliuliza, mbona hakuzizika njiani, bali alizichukua pamoja naye? Yeye aliona kwamba Rakeli aliogopa baba yake asije akaagua na kuijua njia waliyoshika. Swali lake, kwetu sisi, lina nguvu.

Tena kuna jambo zito. Yakobo, asiyejua kitu, alitamka kwamba atakayeonekana na miungu hiyo asiishi. Rashi yule yule anayemtetea Rakeli asema kwamba kwa laana hiyo alikufa njiani, alipomzaa Benyamini.

Twayasema haya kwa ajili ya wale waliotuuliza kama mkristu aweza kuchukua usiku dawa na hirizi za baba yake asiyebatizwa, akazitupe mtoni. Tumtazame Labani. Alipozikosa sanamu, je, ziliutoka moyo wake? Alikuja mbio akiidai miungu yake. Wazee wale wasimulia kwamba hata wajukuu wake waliona haya kumsikia babu yao, katika uzee wake, akilia kwamba miungu yake imeibwa.

Baadaye, katika sura ya 35, Yakobo aliwaambia watu wa nyumba yake waiondoe miungu migeni. Hapo hakuna aliyeiba: walimpa kwa mikono yao wenyewe, naye akaifukia chini ya mwaloni karibu na Sikemu.