Turbo mlimani: kipoza oili au oili mpya?

Sisi wa Bijombo mwinuko tunaujua kwa magoti. Wengi wetu huteremka Uvira kwa miguu, tukiacha baridi ya Nyanda za Juu hadi kwenye joto la ziwa, kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Gari tunalipatia huku chini, na mwenye kujikusanyia pesa hutafuta lenye turbo: Prado ya dizeli yenye injini ya 1KZ-TE, au Subaru Forester. Kisha fundi anamwambia, "Ndugu yangu, ongeza na kipoza oili." Mimi namwomba asubiri kwanza.

Hofu ya fundi ina msingi. Turbo huendeshwa na moshi wa moto wa injini, na mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili nyembamba. Lakini Prado hiyo ilitoka kiwandani na kipoza chake, kinachotumia maji ya rejeta, na Forester nyingi za turbo ni vivyo hivyo. Anachokuuzia ni cha pili, kile cha kufungwa mbele kipigwe na upepo. Sasa fikiria Ngomo, ukitoka Kamanyola kupanda Bukavu na mzigo: gia ya kwanza, ya pili, gari linatambaa. Upepo wa kupoza utatoka wapi? Hapo kinachookoa oili ni rejeta safi, feni nzima na kifuniko kinachobana. Anayejaza maji ya mto badala ya kulanti anaipa rejeta kutu na matope, na kipoza cha pili hakitamponya.

Upande wa pesa, seti yenye jina, pamoja na mipira na themostati, hupita dola 300 huko inakouzwa, kabla ya usafiri, forodha na ufundi. Za chini ya dola 100 zipo, na hizo ndizo ninazoziogopa zaidi. Mpira mmoja ukipasuka, oili inaisha njiani kabla dereva hajatazama taa. Zikikosa themostati, oili haipati moto wa kutosha kwenye safari fupi za mjini, na unyevu unabaki ndani yake.

Linganisha na oili yenyewe. Prado hiyo hunywa takriban lita 7. Ukiipata lita kwa dola 5, ni dola 35, yaani dola 300 zinabadilisha oili mara 8. Ukibadilisha kila kilomita 5,000, hizo ni kilomita 40,000. Uvira hadi Bukavu ni kama kilomita 130, kwa hiyo kila oili inakupa safari 19 za kwenda na kurudi.

Kama bado una wasiwasi, funga kwanza kipimo cha joto la oili. Kikisoma kati ya nyuzi 90 na 110, pesa yako ibaki mfukoni. Kikivuka 130 mara kwa mara wakati rejeta ni nzima, hasa kwa gari lililoongezwa nguvu au linalovuta tela, hapo nunua, tena ile yenye themostati.

Na ukifika juu ya Ngomo, usizime papo hapo. Acha injini ingurume taratibu dakika mbili, oili iendelee kupita kwenye turbo mpaka ipoe.