Kesi ya Jamhuri, mzigo wa mke

Mume anayeshtakiwa nchini Kenya kwa kumpiga mkewe hushtakiwa na Jamhuri. Mke si upande wa kesi hiyo. Ni mlalamishi na shahidi tu. Hata hivyo, mume akishatiwa korokoroni, macho yote humgeukia mke. Mama mkwe anataka amtoe mwanawe, wazee wa ukoo wanaitisha kikao, na polisi naye anamwuliza kama kweli anataka kuendelea na “mambo ya nyumbani”. Hapo ndipo kesi nyingi za aina hii huanza kufa, na wa kulaumiwa si mke anayerudi kituoni kusema amesamehe. Kosa ni la mfumo uliojenga kesi nzima juu ya neno lake, kisha ukamrudisha kuishi na aliyempiga. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu watimize miaka 15. Kwa jambo lililoenea kiasi hicho, haki haiwezi kutegemea ujasiri wa mmoja mmoja.

Katiba, katika kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na inampa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Sina ugomvi na hilo. Muda huo, hata hivyo, ni mfupi, na ni vyema ndani yake fomu ya P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, iwe imejazwa, kwa kuwa alichoandika daktari kuhusu ukubwa wa jeraha huchangia sana kuamua shtaka. Shambulio la kawaida lina kifungo cha hadi mwaka 1, shambulio lililosababisha madhara ya mwili hadi miaka 5, na madhara makubwa yanaweza kuleta kifungo cha maisha. Mke akichelewa hospitalini, uvimbe ukashuka na michubuko ikapona, shtaka nalo hushuka.

Kipindi cha hatari zaidi huja baada ya dhamana. Mshtakiwa amelipa, ametoka, na kesi imepangiwa tarehe ya mbali. Analala wapi usiku huo? Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda, inayoweza kumzuia kukaribia nyumba ambayo yeye ndiye mmiliki au mpangaji. Inamlinda mume anayepigwa vilevile. Ila amri hiyo huombwa peke yake, nje ya kesi ya jinai, na ingawa polisi wana wajibu wa kumweleza mlalamishi nafuu zilizopo, wajibu huo ni rahisi kusahauliwa kwenye kaunta yenye foleni. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 nayo inamruhusu mwathiriwa kutoa maoni yake kabla ya uamuzi unaomgusa, dhamana ikiwemo. Hakimu anayeweka masharti ya dhamana bila kujua mke analala wapi anaamua nusu ya jambo.

Ndipo linakuja ombi la kuondoa kesi. Wengi hudhani mke akisamehe, mambo yamekwisha. Kifungu cha 204 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinamtaka aridhishe mahakama kuwa ana sababu za kutosha. Mahakama ikikubali, mshtakiwa anaachiliwa kabisa, na kwa tukio lile hawezi kushtakiwa tena. Kipigo kijacho kitaanzia sifuri. Mahakama ikikataa, kesi inaendelea, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 127, inaruhusu mke kulazimishwa kutoa ushahidi pale mume anaposhtakiwa kwa kumdhuru yeye au watoto.

Watetezi wa suluhu watasema wagombanao ndio wapatanao, na kwamba Katiba yenyewe inahimiza upatanisho. Ni kweli, na kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinauruhusu kwa makosa yasiyo mazito. Lakini upatanisho unahitaji watu wawili walio huru kukataa, na anayetegemea kodi ya nyumba kutoka kwa aliyempiga si huru. Pingamizi zito zaidi ni njaa: mume akifungwa, watoto watakula nini? Jibu ni kwamba hatia haina maana ya jela pekee. Kuna kifungo cha nje na huduma kwa jamii, vyote vikimwacha kazini. Wapo pia wanaohofia mashtaka ya uongo, nao wana haki ya kuhofia. Dawa yao ni ushahidi mwingi zaidi, na huo unamlinda asiye na hatia vilevile.

Kumlazimisha mke kupanda kizimbani ni njia ya mwisho, tena ya kikatili. Afisa wa dawati la jinsia katika kituo cha polisi na achukue taarifa ya jirani aliyesikia mayowe, apige picha za jeraha siku hiyohiyo, amlete daktari aliyejaza P3. Kiongozi wa mashtaka akiwa na hayo, mke na aulizwe kama yuko salama nyumbani, si kama amesamehe.