Maji Yapitayo Juu ya Bati



Mvua kwetu sisi wakulima wa karafuu ni rafiki mwenye vituko. Mikarafuu huitaka, lakini ikitukuta tumeanika, nyumba nzima hutoka mbio kukunja majamvi. Katika mbio hizo ni nani akumbukaye kutega pipa?

Wenzetu wa milima ya Usambara, katika Mkoa wa Tanga, hawana budi kukumbuka. Yumkini mtu akastaajabu kusikia shida ya maji huko, maana mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, penye baridi, ukungu na misitu. Lakini vijiji vingi vya Washambaa vimejengwa migongoni mwa milima, na chemchemi ziko mabondeni. Mwanamke huteremka na ndoo tupu, akapanda nayo imejaa. Na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Huko chini, upande wa Mombo na Mkomazi, nchi ni kavu, kwani milima huzizuia pepo za bahari zenye mvua.

Zamani mapaa yalikuwa ya nyasi, na maji yake hayanyweki. Sasa bati zimeenea, na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 6, mvua ikinyesha milimita 25, hupata lita 1,200. Toa fungu moja katika matano kwa yanayoruka na kuvuja, zabaki lita 960, yaani ndoo 48 ambazo hakuna aliyezipandisha mlima.

Taabu ni pa kuyaweka. Pipa la lita 200 hujaa upesi, na yaliyosalia huchimba ua. Kiangazi cha Lushoto, Juni hadi Septemba, ni siku 120 hivi. Watu 6 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, watataka lita 14,400. Tangi hilo ni la tajiri. Lakini maji ya paa yakiwa ya kunywa na kupikia tu, lita 5 kwa mtu, zatosha lita 3,600. Tangi la lita 5,000 litawavusha, na nguo zifuliwe bondeni kama kawaida.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yamwagwe, kwani huosha vumbi na mavi ya ndege. Tangi lifunikwe lisiingie mwanga, na tundu zake zizibwe kwa wavu mwembamba, ama sivyo mtafuga mbu. Bomba liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi ili tope libaki chini. Ya kunywa yachemshwe.

Na kabla ya vuli, weka ngazi utazame mlizamu wako. Wenye mikarafuu karibu na nyumba wataukuta umejaa majani.