Nguru wa Mnada na Nduaro wa Mgeni

Nguru anayefikishwa kwenye mnada wa samaki Mjini Zanzibar huuzwa mara moja tu. Bei yake hutegemea wingi wa samaki siku hiyo na hali ya bahari. Lakini upo uvuvi mwingine, ambao mteja hulipia kuvua, si kula.

Wakenya wanaufahamu siku nyingi. Mwaka 1905 samaki aina ya trauti waliletwa kutoka Scotland na kupandikizwa katika mito ya baridi ya milima ya Aberdare. Huvuliwa kwa ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu.

Unguja haina mito ya namna hiyo. Inao Mkondo wa Pemba, unaofikiwa kwa boti kutoka Nungwi, wenye nduaro na jodari. Hapo bidhaa ni safari yenyewe: boti, nahodha, mafuta na chambo. Nduaro akirudishwa majini akiwa mzima, huenda kesho akamlipa mwenye boti mwingine.

Hata hivyo, mwekezaji mdogo asikurupuke. Mafuta hulipiwa hata samaki asipopatikana, na bahari ikichafuka wageni hubaki hotelini. Aidha, mvuvi wa kijijini anamtegemea samaki huyo huyo kwa kitoweo na ada za shule. Asipopata fungu katika biashara hii, hana sababu ya kumwachia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua boti, shirikiana na nahodha mwenyeji, kisha hesabu siku za upepo kwanza, faida baadaye.